Kabla ya Kufika kwa Hakimu

Kesi nyingi za wanawake na watoto nilizozifuatilia kwenye mialo ya Mwanza, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga ziwani, hazikushindwa mahakamani. Hazikufika mahakamani. Ziliishia kwenye kikao cha ukoo, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kaunta ya polisi, au gatini, mama akiwa na mtoto mgongoni na nauli ya boti haijatimia. Watu wakisikia msaada wa kisheria humfikiria wakili mwenye joho akisimama mbele ya jaji. Kazi hiyo naiheshimu sana. Ila mimi ni msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyotutambua rasmi, hainiruhusu kumwakilisha mtu mahakamani wala kumtoza hata senti. Uwanja wangu ni ile njia ya kutoka palipotendeka kosa mpaka kwa hakimu, na kwa niliyoyaona, haki hupotea au kuokolewa humo.

Sitataja majina wala kambi. Mialo yetu ni midogo. Ukisema tu rangi ya mtumbwi, watu wameshamjua mwenyewe.

Niliingia katika kazi hii nikiwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake waanika dagaa, upande wa Ilemela. Katibu wa kikundi ndiye anayeletewa kila karatasi yenye mhuri: hati ya wito, barua ya mtendaji, cheti cha kifo. "Mwenzetu, hebu tusomee." Mradi wa msaada wa kisheria ulipofika katani kutafuta watu wa kufundishwa, wenzangu walinitaja kabla sijajua hata ni mradi wa nini. Tulifundishwa Sheria ya Ndoa ya 1971, sheria za ardhi za 1999, Sheria ya Mtoto ya 2009, mirathi, na namna ya kuandika maelezo ya mteja bila kuyapamba. Hilo la mwisho ndilo lililonifaa kuliko yote. Mtu mwenye uchungu husimulia kuanzia mwisho, kisha katikati, kisha anakumbuka jambo la miaka kumi iliyopita. Kazi yako ni kumsikiliza mpaka achoke, halafu mkaanza upya pamoja: siku gani, wapi, nani alikuwepo, karatasi gani ipo.

Anayetaka kuelewa shida ya karatasi aende kwenye kambi ya uvuvi. Kambini kuna mtu wa Ukerewe, wa Ukara, wa Musoma, wa Muleba, wa Kigoma. Wanahama kufuata samaki. Mwanamume na mwanamke wanakutana hapo, wanajenga kibanda, wanaanza kuitwa Baba Fulani na Mama Fulani. Mahari haijalipwa, cheti hakuna, kwao mwanamume hawajawahi kumwona huyo mwanamke. Watoto wana kadi za kliniki tu, na wengine hata hizo zimelowa kwenye mtumbwi. Maisha yanakwenda vizuri kabisa hivyo mpaka siku ziwa linapochafuka.

Mama mmoja alipoteza mwenzake hivyo. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi na kuzaa watoto watatu. Ndugu wa marehemu walikuja msibani, wakalia naye, wakala chakula alichopika. Baada ya matanga wakakaa kikao cha ukoo bila yeye, wakaandika muhtasari, wakamchagua kaka wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi. Kwenye muhtasari waliorodheshwa wazazi na ndugu. Jina la mama huyo halikuwemo. Mtumbwi, injini, nyavu na taa vyote viliandikwa. Alikuja kwangu siku walipoanza kupakia nyavu.

Kitu cha kwanza alichohitaji kujua ni kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi. Jambo hili nalirudia kila mwalo ninaokwenda, kwa sababu karibu kila mtu analiamini kinyume chake, wanaume kwa wanawake. Msimamizi ni mtumishi wa mahakama na wa warithi. Anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kwa wanaostahili. Katika mahakama ya mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne tangu ateuliwe arudishe orodha ya mali na hesabu ya alivyozigawa, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Na kabla hajateuliwa, yeyote mwenye maslahi anaweza kuweka pingamizi. Tuliwahi kabla uteuzi haujafanyika. Tungechelewa wiki chache tungekuwa tunakimbiza mali ambayo imeshavuka mkoa.

Shemeji yake alipoulizwa mbele ya hakimu alisema kwa utulivu kwamba marehemu hakuwa na mke, alikuwa na "mwanamke wa kambini". Sikumchukia, nadhani aliamini anachosema. Lakini kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, watachukuliwa kuwa ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo swali likawa la ushahidi. Jamii iliwatambua wapi? Kadi za kliniki za watoto zilikuwa na jina la baba. Kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho wote mwaloni tunakiita BMU, alikuja na daftari lake kueleza mtumbwi ulisajiliwa lini na nani alikuwa akifika kulipa ushuru marehemu akiwa majini. Na mimi nilikuwa na daftari la kikundi chetu. Mama yule alikuwa amekopa kwetu, na kwenye safu ya sababu ya mkopo niliandika kwa mkono wangu mwenyewe miaka kadhaa nyuma: kuongezea fedha ya injini.

Hakimu aliligeuza daftari lile kurasa nyingi kuliko nilivyotegemea. Mwishowe aliwateua wote wawili, mama na shemeji, wasimamie pamoja. Mtumbwi na injini vilibaki kwa ajili ya watoto. Nyavu zilikuwa zimeshauzwa, na hazikupatikana tena.

Tangu hapo, kila kikundi cha wanawake ninachokutana nacho nakiomba kitu kimoja: andikeni sababu ya mkopo. Msiandike "biashara". Andikeni bati la nyumba, andikeni injini, andikeni ng'ombe wawili wa maziwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa, kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Ni hukumu ninayoipenda, na imewainua wanawake wengi. Lakini Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilikataliwa, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alishampa fedha naye hakuzitumia kuendeleza mali. Nikiwasimulia akina mama hukasirika, na wana haki ya kukasirika. Kisha nawaambia: kanuni tumepewa, mchango wako uthibitishe.

Kuhusu mila, nina la kusema. Ukoo ukisema "mila zetu mwanamke harithi", mara nyingi husema kweli. Kuna tangazo la sheria za mila za urithi la mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, linalomweka mtoto wa kiume mbele na kumwambia mjane kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Nimekutana na wazee wanaolijua maudhui yake vizuri kuliko mawakili vijana. Lakini ni hapahapa Mwanza, Mahakama Kuu, mwezi Februari 1990, ambapo Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu ambayo inasomwa hadi nje ya nchi. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akashtaki, kwa hoja kwamba mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo lakini hana ruhusa ya kuiuza. Jaji akasema kanuni hiyo inabagua na haiwezi kusimama mbele ya Katiba, ambayo ilikuwa imeingiziwa haki za binadamu mwaka 1984.

Nilipoisikia mara ya kwanza darasani nilidhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Wajane wawili Wasukuma wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kupinga tangazo lilelile la 1963, na mwaka 2006 wakaambiwa kwamba ubaguzi ni kweli upo ila mahakama haitalifuta. Rufaa yao nayo ilikwama kwenye kasoro ya nyaraka. Wakalifikisha suala lao kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikaona haki zao zilivunjwa. Wajane wale walianza safari yao waume zao walipofariki, na dunia iliwaitikia baada ya miaka zaidi ya kumi. Nawaheshimu wanaobeba kesi za namna hiyo. Ila ninapokaa na mjane ambaye nyavu zake zinapakiwa leo, simwambii asubiri sheria ibadilike. Namuuliza baba yake, au marehemu, aliacha maandishi gani. Holaria naye alishika wosia mkononi.

Sasa nije kwa watoto, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo njia ilivyo mbaya kuliko kote.

Mtoto anapofanyiwa ukatili wa kingono, saa zinaanza kuhesabika papo hapo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyosaidia. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa zisifuliwe, na zisitiwe kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu unyevu unaharibu ushahidi. Zitiwe kwenye bahasha ya kaki au karatasi. Fomu ya polisi namba tatu, PF3, ijazwe. Kila mama atamwogesha mtoto wake akimkuta katika hali ile. Ni upendo, na hakuna wa kumlaumu. Ndiyo maana maneno haya yanatakiwa yafike mwaloni kabla ya tukio, yakae kwa wauza mchele, kwa mama lishe, kwa mwalimu wa zamu, kwa kijana wa bodaboda. Ukiyapeleka siku ya tukio umechelewa.

Binti mmoja wa darasa la sita aliletwa kwangu na shangazi yake alfajiri. Aliyemtendea alikuwa mtu mzima anayefahamika, tena mwenye mitumbwi na vijana wanaomfanyia kazi. Shangazi alikuwa amehudhuria mkutano wetu mmoja tu, chini ya mti, miezi kadhaa nyuma, na alikuwa amekumbuka mambo mawili: asimwogeshe, na asimwambie mwenyekiti kabla ya polisi. Tulivuka maji na boti ya kwanza. Kituoni tulielekezwa dawati la jinsia na watoto, ambako afande wa kike aliyekuwa zamu alimkalisha mtoto chumba cha peke yake, akaongea naye polepole, akaandika. Hospitali ikampa dawa siku ileile. Mpaka hapo kila mtu alifanya wajibu wake, na nataka niliseme hilo waziwazi, kwa kuwa tumezoea kusimulia mabaya tu.

Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa ngumu. Gari la kwenda kumkamata mtuhumiwa lilikuwa halina mafuta, kisha likawa na mafuta lakini boti haipo. Wakati huo wazee wawili walishatumwa nyumbani kwa binti. Baba yake aliahidiwa ng'ombe. Nilimkuta ameinamisha kichwa. Akaniambia, "Mama, yule ni tajiri wangu, mimi navulia mtumbwi wake. Akifungwa, watoto wangu wengine watakula nini?" Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo naona ni swali ambalo miradi mingi haijalijibu. Nilichomweleza ni kwamba kesi ya ubakaji ni ya Jamhuri. Mzazi hana mamlaka ya kuifuta, hata akila ng'ombe hao wote. Tukazungumza na viongozi wa BMU, wakamtafutia nafasi kwenye mtumbwi mwingine. Hilo halimo kwenye sheria yoyote niliyofundishwa, lakini bila hilo yule baba asingekuja mahakamani.

Umri wa mtoto nao unathibitishwa. Wakili wa upande wa pili atasema binti ana miaka 19, na kama hakuna cheti cha kuzaliwa wala mzazi wa kusimama kueleza, shitaka linayumba. Binti huyu cheti hakuwa nacho. Tulitumia maelezo ya mama mzazi na rejista ya shule. Siku hizi watoto walio chini ya miaka mitano wanasajiliwa na kupewa cheti kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na mimi kila nikimwona mama na kichanga namuuliza kuhusu cheti kabla ya kumuuliza jina la mtoto. Wengine huona namsumbua.

Kesi ilisikilizwa kwa vipindi, ikaahirishwa mara nyingi. Daktari aliyejaza PF3 alihamishwa. Shangazi alihama kambi kufuata dagaa, akawa anarudi kwa tarehe. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini sheria ya ushahidi, tangu mabadiliko ya mwaka 2016, inataka kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo iandikwe. Hukumu zimewahi kuvunjwa kwenye rufaa kwa sababu ya mstari huo mmoja kukosekana. Hatumfundishi mtoto cha kusema; hilo ni kosa na linaharibu kesi. Tulichofanya ni kumpeleka siku moja kabla aone chumba kikiwa kitupu, hakimu hukaa wapi, yeye atasimama wapi, shangazi atakaa wapi. Alipoulizwa kesho yake hakutetemeka. Mshitakiwa alitiwa hatiani.

Nilikuwa na kesi nyingine inayofanana na hiyo karibu kwa kila kitu. Mtoto wa umri huohuo, fomu imejazwa, maelezo yameandikwa. Niliporudi kambini kupeleka wito, kibanda kilikuwa kimebomolewa na familia imehamia kisiwa kingine. Majirani walijua ng'ombe wangapi. Hakuna aliyejua wamekwenda wapi. Tofauti kati ya kesi hizo mbili haikuwa sheria. Kwa ile ya kwanza mradi ulikuwa na fungu la nauli za mashahidi. Kwa ya pili fungu hilo lilikuwa limekwisha, na hatukuweza kuwa karibu na familia katika zile wiki ambazo wazee huja na ng'ombe.

Kuna badiliko moja la serikali lililotusaidia kuliko mabango yote. Zamani mimba ya mwanafunzi ilimaanisha kufukuzwa shule. Kwa hiyo familia ilificha, na ukificha mimba umemficha na aliyeisababisha. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, na waraka wa elimu ukatoka. Tangu hapo nimeona akina mama wakija wenyewe kuuliza. Sheria ya Elimu, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Adhabu ni kali, lakini kilichofungua midomo mwaloni ni mlango wa shule. Mama haogopi tena kwamba akisema, mtoto wake ndiye atakayeadhibiwa.

Suala la umri wa ndoa sitalirefusha. Sheria ya Ndoa iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, ambayo Julai 2016 iliona vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikabaki na msimamo huohuo. Baba akiniambia "mbona sheria inaruhusu kumi na tano", hukumu hizo mbili ndizo ninazomwekea mezani.

Matunzo ya watoto ndiyo yanayojaza siku zangu. Sheria ya zamani, ambayo Sheria ya Mtoto iliifuta, ilitaja shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Leo mahakama inaangalia kipato cha mzazi na mahitaji ya mtoto, na baba akikana kuna kipimo cha vinasaba. Vizuri. Lakini mvuvi wa dagaa hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa, taa hazivuti kitu na mitumbwi inapumzika. Makubaliano yanayosema "kila tarehe 30" humkuta mtu hana kitu mfukoni, mama akirudi ustawi wa jamii kulalamika, baba akijificha. Ofisa wetu mmoja wa ustawi alikubali tuandike kwa namna nyingine: kila giza likiisha, siku ya mahesabu, tajiri wa mtumbwi akate fungu la mtoto mbele ya mama au mwakilishi wake, kisha ndiyo amlipe mvuvi kilichobaki. Wote watatu wanasaini. Makubaliano ya aina hiyo hudumu kuliko mengine yote niliyowahi kuandika, na baba wengine sasa huja wenyewe na kiasi kidogo cha nyongeza. Wengi wa wanaume hawa wanawapenda watoto wao, wala hawakatai kutunza. Walikuwa wamewekewa tarehe ambayo ziwa haliijui.

Nina neno kwa wanaoandika miradi. Wengi mna nia njema, nami nimekula mkate wenu. Lakini mradi wa miaka mitatu hauwezi kuisindikiza kesi inayoanza mwaka wa pili, ikahukumiwa, ikakatiwa rufaa. Ripoti huuliza watu wangapi wamefikiwa. Ningependa iulize kesi ngapi zilizoanza bado ziko hai, na mashahidi wangapi walifika. Fulana na mikutano ya hotelini mjini havimvushi shahidi kutoka kisiwani. Kwa upande wa barabara mambo yamekuwa mepesi. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025, na anayekwenda Sengerema halali tena kwenye foleni ya kivuko. Lakini Kome, Maisome, Ukara na visiwa vidogo vya kambi bado ni boti, na boti ni fedha na hali ya hewa.

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imeleta mawakili hadi vijijini, na nimeona wazee wa kike wakikaa foleni tangu asubuhi wakiwa na bahasha zao kuukuu. Wanapoondoka, bahasha hizo zinahitaji mtu wa kuzifuatilia wiki inayofuata. Kamati za MTAKUWWA, za kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zimeundwa katika kata na vijiji. Nyingine zinafanya kazi hasa, nyingine zipo kwenye faili la mtendaji. Namba 116 ya kupiga bure kuhusu watoto niliibandika kwenye mabanda ya mama lishe na kwenye mizani ya kupimia samaki, kwa sababu mizani kila mtu anaitazama.

Kwa sasa ninamfuatilia mama mmoja ambaye mumewe aliuza nyumba ya familia, karibu na maji, kwa mtu wa mjini. Aliweka saini peke yake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa hakimruhusu mwanandoa kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kiwanja ni cha kijiji, hivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo inahusika. Tangu 2021 Baraza la Kata halihukumu tena migogoro ya ardhi, kazi yake imebaki kusuluhisha, na usuluhishi ulishindikana, kwa hiyo tuko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mnunuzi anadai aliambiwa muuzaji hana mke. Shahidi anayeweza kulikana hilo ni mzee aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye siku hizi anaishi kwa mwanawe kisiwani Kome. Amekubali kuja. Mradi wetu umeshafungwa, lakini kikundi cha waanika dagaa kimechanga nauli yake ya kuja na kurudi, na mimi nimeiandika kwenye daftari, na sababu yake.